Mama wa Picha Amevaa Sare

Kila asubuhi, kabla ya chai, nilikuwa na kazi moja niliyoipenda kuliko zote: kumchana Kinanda nywele.

Hukaa sakafuni katikati ya magoti yangu, mgongo kwangu, miguu ameinyoosha, na mdomo haupumziki. Ndiyo maana akaitwa Kinanda. Ukimuuliza swali moja, anakujibu matatu usiyomuuliza.

Asubuhi ile, chanuo lilipogusa tu utosi, alinidaka mkono.

"Usifumue!"

"Nisifumue nini?"

"Alivyonisuka mama."

"Mama si mimi hapa?"

"Siyo wewe. Mama wa picha."

Chanuo likaniponyoka.

Wewe uliyenikuta njiani, ngoja nikurudishe nyuma kidogo tuwe pamoja. Mimi ni mwalimu wa chekechea. Niliolewa na mgane mwenye binti mdogo, na picha ya marehemu mkewe niliikuta ukutani sebuleni, nikaiacha palepale. Mwaka wa pili wa ndoa, mume wangu alikuja na tiketi za meli ya kitalii. Fungate iliyochelewa, alisema, na mtoto naye aje aone bahari. Bandari ya kwanza tulimwacha katika klabu ya watoto ya humohumo melini, sisi tukashuka kutembea. Tuliporudi tulimkuta amesukwa mistari myembamba inayozunguka juu ya masikio kama konokono.

Mistari ileile iko kichwani mwa marehemu, kwenye picha ya sebuleni.

Na mlezi wa klabu, nilipomuuliza ni nani aliyemsuka, alinijibu: "Hapa hatusuki watoto, dada. Hata kuwachana ni marufuku."

Sasa tuendelee.

"Huyo mama wa picha yuko wapi?" nilimuuliza mtoto.

"Yumo humuhumu. Analeta taulo."

"Ulimjuaje?"

"Anacheka hivi." Akavuta mdomo upande mmoja, wa kushoto, upande wa pili ukabaki umetulia. Marehemu kwenye picha anacheka vivyo hivyo.

Kisha Kinanda akaniuliza, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Mama, mbinguni wanavaa sare?"

"Sijui, mwanangu. Kwa nini?"

"Yeye amevaa. Ya bluu. Na raba nyeupe."

Mume wangu alitoka bafuni, povu kidevuni, wembe mkononi. "Mnaongea nini asubuhi yote hii?"

"Mtoto anasema amemwona mama yake."

Wembe ulimteleza. Damu ikachora mstari kwenye povu.

"Watoto huota," alisema.

Anaota macho wazi, mchana, na kusukwa asukwe? Hayo niliyasema moyoni. Mdomoni nilisema, "Labda." Mimi ndivyo nilivyo. Moyoni kwangu kuna soko zima, mdomoni hakuna hata genge.

Nilitazama kitanda cha Kinanda. Kila tulipotoka kula tulirudi tukakuta mhudumu ameshatandika, na juu ya kitanda cha mtoto ameacha sungura aliyekunjwa kwa taulo. Kwenye kitanda chetu hakuwahi kuacha hata panya. Na mhudumu mwenyewe sikuwahi kumwona uso. Siku ile, kwa mara ya kwanza, sungura yule alinitisha.

Tulikuwa tumetia nanga bandari ya pili. Mume wangu alishafunga begi la mtoto.

"Mbona zito hivi?" nililinyanyua. "Anakwenda kucheza, hahami."

"Nguo za kubadilisha. Unajua anavyomwaga juisi."

"Na sweta?"

"Kile chumba kina baridi."

"Leo tusimwache," nilisema taratibu. "Twende naye."

"Kwenye maporomoko? Ateleze kwenye mawe huko? Acha woga, mke wangu. Tumelipia vitu vyote hivi, tukae tunamshika mkono mtoto?"

"Sawa," nikasema.

Mlango wa klabu ya watoto umechorwa samaki wenye miwani. Foleni ilikuwa ndefu, maana siku ya kushuka kila mtu anataka mikono mitupu. Mlezi mkuu, msichana mwenye sauti kama kengele ya shule, alikuwa anapokea watoto kama mtu anayepokea mizigo ya harusi.

"Karibu, mama! Mama, leo ana homa? Hana? Pita! Karibu, mama!"

Akafika kwetu. "Karibu, mzee! Karibu, dada! Kinanda wetu huyo!"

Wanawake wote mbele yangu waliitwa mama. Mimi nikaitwa dada. Nilidhani ni kwa sababu ya uso wangu wa kitoto, nikatabasamu.

"Haya, Kinanda, neno letu la leo?"

Wana utaratibu wao pale. Mtoto humnong'oneza mlezi neno moja analolitaka yeye, mlezi naye humnong'oneza mzazi. Ajaye kumchukua mtoto bila neno hilo, hata awe nahodha, ataondoka peke yake.

Kinanda alisimama kwenye vidole vya miguu, akanong'ona. Mlezi akamwinamia mume wangu. Nikamwona mume wangu anameza mate.

"Kasema neno gani?" nilimuuliza.

"Punje."

"Punje ya nini?"

"Ya mahindi, ya mchele, nitajuaje? Ni mtoto huyo."

Nilipiga magoti nimfunge Kinanda kamba za viatu. Juu ya kichwa changu mume wangu na mlezi walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini. Mlezi akasema, "Tunajua, mzee, usijali. Leo siku kubwa." Nikafikiri ni siku kubwa ya michezo.

Bandari ya kwanza, Kinanda alinililia mpaka akaning'oa kifungo cha blauzi. Siku hii alinibusu shavu, akakimbilia ndani. Hakugeuka. Baba yake ndiye aliyemfuata, akamrudisha, akamkumbatia kwa muda mrefu mno kwa mtu anayekwenda kuangalia maji na kurudi.

"Baba, unanibana," mtoto akalalamika.

Basi lilitupandisha mlimani. Mwongoza watalii alikuwa akisema jambo kuhusu miamba, watu wakicheka, mimi nikiona konokono za nywele tu. Kila mwanamke aliyevaa bluu barabarani nilimgeukia.

Nyuma yetu alikaa mjane mmoja mcheshi tuliyekuwa tukila naye meza moja. Alivaa kofia pana kama ungo, nasi tulimwita Bibi Kofia, mwenyewe akalipenda jina. Tulipofika kwenye maporomoko, mume wangu alisogea pembeni, na Bibi Kofia akanikalia jirani kwenye benchi.

"Binti, mbona umejikunja kama kuku wa mvua? Mmegombana?"

"Hapana, bibi."

"Hapana yako ina kona. Na mumeo anatazama saa kama mgonjwa anayesubiri dawa. Maji yote haya yanamwagika bure, hata hajayatupia jicho."

Akanisogelea.

"Mimi si mmbea. Lakini Mungu kanipa macho, na kofia hii haiyazibi. Jana jioni nilipotea njia, nikajikuta kwenye ngazi za wafanyakazi. Nani namwona? Mumeo. Na yule mama wa taulo wa ghorofa yenu."

"Walikuwa wanafanya nini?"

"Afadhali wangekuwa wanafanya ninachofikiri unafikiri. Walikuwa wanalia."

"Wanalia?"

"Wote wawili. Yule mama analia huku anacheka, mumeo analia tu. Nikasema lo, taulo gani hizo za kuliza watu?"

"Anacheka vipi, bibi?"

"Hivi." Bibi Kofia akavuta mdomo upande wa kushoto.

Maji yalikuwa yakinguruma mbele yetu, lakini sikuyasikia tena. Hao walikuwa mashahidi wawili sasa, mtoto na mzee, na hakuna aliyemwona mwenzake akionyesha. Mzimu gani anasuka nywele, anakunja sungura, analia ngazini na mume wangu?

Nilimwendea.

"Nataka kurudi melini."

"Sasa hivi? Hata picha hatujapiga."

"Sasa hivi."

Alinitazama kama mtu aliyesikia kiti kikisema. Nadhani alijua sitarudia mara ya tatu, nitaondoka peke yangu. Akanifuata kwenye teksi.

"Dereva, bandarini," nilisema. "Tafadhali kaza mwendo."

"Polepole tu, ndugu yangu," mume wangu akadakia. "Hatuna haraka."

"Kaza, kaka."

"Polepole."

Dereva alitutazama kwenye kioo. "Jamani, gari moja na mguu wangu mmoja. Mkubaliane."

"Mtoto wetu yuko melini," nilimwambia.

Akakaza.

Katikati ya mteremko mume wangu akasema, "Tusimame pale ninunue maji. Nina kiu."

Niligeuka kumtazama. Jasho lilikuwa likimtiririka hadi kwenye kile kidonda cha wembe. Hapo ndipo nilipoelewa. Mume wangu hakuwa na kiu. Alikuwa anataka tuchelewe.

"Usisimame, kaka," nilisema. "Kiu haiui."

Nilipanda ngazi za meli mbio. Nikamgonga mzee wa watu na fimbo yake, nikaomba radhi huku nakimbia. Mlango wenye samaki ulikuwa umefungwa nusu. Ndani palikuwa na giza la pazia, watoto wamelazwa usingizi wa mchana kwenye vigodoro vyao, kila kimoja na kichwa chake.

Kigodoro kimoja hakikuwa na kichwa. Juu yake kulikuwa na sungura wa taulo, masikio yamelala.

"Kinanda yuko wapi?" nilimnong'oneza mlezi.

"Ameshachukuliwa, dada."

"Na nani?"

"Na mama yake."

Nilishika ukuta. "Mama yake yupi?"

"Mama yake mzazi. Si mama wa taulo? Neno hakulitaja tu, alimwita nalo mtoto kutoka mlangoni: Punje wangu! Mtoto akaruka." Mlezi alifuta jicho kwa kiganja. "Leo ndiyo amemaliza mkataba, tumemkatia keki tukaagana. Miaka yote hiyo hana wimbo mwingine, ni binti yangu, binti yangu. Baba hakukwambia?"

Baba alikuwa mlangoni nyuma yangu, anahema. Nikamvuta hadi kwenye korido.

"Nani yuko na mtoto?"

"Mama yake."

"Mama yake alikufa. Wewe ndiye uliyeniambia. Nimefuta vumbi picha yake kila Jumamosi. Nimemwombea apumzike pema. Nimemwomba msamaha, unajua? Nimesimama mbele ya ile picha nikamwomba msamaha kwa kupika kwenye sufuria zake."

"Hakufa."

Akaegemea ukuta, akateleza chini taratibu mpaka akachuchumaa, mtu mzima na suruali yake ya matembezi.

"Alipata kazi ya meli mtoto akiwa bado ananyonya. Akaniambia ni mkataba mmoja tu. Nikamwambia ukivuka mlango huu, kwangu umekufa. Akavuka." Alijipangusa uso. "Nilikuwa na hasira. Mtu wa kwanza aliyeniuliza mkeo yuko wapi, nikamjibu amekufa huko majini. Akanipa pole. Wa pili akaja na wenzake wakakaa mkekani. Nitawainuaje watu mkekani, niwaambie marehemu mzima?"

"Ukaniambia na mimi."

"Nilishazoea. Hata mimi nilishaanza kuamini."

"Na sasa?"

"Alipiga simu. Kwamba anamaliza kazi, anakuja kumchukua mtoto wake. Nikaona hapo nyumbani, mchana kweupe, marehemu anabisha hodi, mtaa mzima unaangalia. Nikamwambia usije. Nitamleta mimi. Nikatafuta meli yake, nikakata tiketi."

"Kwa hiyo hii siyo fungate."

Hakuniangalia. Alikuwa akiangalia zulia, na maneno yakamtoka kama mtu anayetema kokwa.

"Sikumleta aburudike. Nimemleta nimrudishe kwa mama yake."

"Ungeniambia lini?"

"Meli ikishaondoka."

Nilikuwa nimeshashika njia ya ngazi za kushukia.

Chini kabisa, kwenye mlango wanaoutumia wafanyakazi wanaomaliza kazi, kulikuwa na foleni fupi na mlinzi anayekagua mabegi. Niliona sweta kwanza. Kisha lile begi zito. Kisha Kinanda, ana keki mkononi na nyingine shavuni, ameshikwa mkono na mwanamke mwenye gauni la maua.

"Mama!" Kinanda aliita.

"Bee!" tukaitika wote wawili.

Mwanamke akageuka. Nilikuwa nimejiandaa kuona mzimu. Niliona mtu aliyechoka, vidole vimebabuka kwa sabuni, macho yamevimba kwa kulia na kucheka. Aliponiona alikunjua uso, akauvuta ule mdomo wake upande, akanikumbatia kabla sijajua nishike wapi.

"Dada! Nilikuwa naomba nikuone kabla sijashuka. Nitaondokaje bila kukushukuru?"

"Kunishukuru?"

"Mtoto ameniambia yote. Kwamba unamchana kila asubuhi. Kwamba akiota vibaya unamwimbia. Yaya gani siku hizi anafanya hayo? Mimi nimeishi na yaya za watu humu melini, nawajua. Baba yake kaniambia, tangu apate wewe hajawahi kujuta."

Nilisikia maneno, lakini neno moja lilibaki limesimama peke yake.

Yaya.

Nikakumbuka yule mlezi na karibu mama, karibu mama, karibu dada. Nikageuka. Mume wangu alikuwa amesimama ngazi chache juu yetu, amekumbatia nguzo kama mtu anayeogopa meli isipinduke.

"Alisema umekubali kuja safari hii ili mtoto asishtuke," mwanamke aliendelea, sasa kwa sauti ya wasiwasi kidogo. "Najua utamkumbuka. Nitakuwa nakupigia umsikie. Naapa."

"Anayeshuka ashuke, anayebaki arudi nyuma!" mlinzi akapaza sauti. "Msinizibie njia, kina mama."

Kinanda alimalizia keki, akanishika na mimi. Kulia mama wa picha, kushoto mimi. "Tunashuka wote?" akauliza. "Baba naye?"

Nilimtazama mama yake usoni.

"Mimi si yaya," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo. Mwanamke akainamisha sikio. "Umesemaje, dada?"

"Mimi si yaya. Mimi ni mke wake wa ndoa. Na niliambiwa wewe umekufa. Picha yako iko sebuleni kwangu."

Ule mcheko ulimwondoka taratibu, kama taa inayoishiwa mafuta. Alinitazama, akatazama pete yangu, kisha akainua macho ngazini.

"Nilikufa lini?" alimuuliza mume wangu.

Mume wangu alishuka ngazi moja, akairudia.

"Nakuuliza wewe. Nilikufa lini? Nilizikwa wapi?"

"Jamani, foleni!" mlinzi alisema.

Mwanamke akamvuta Kinanda karibu na gauni lake, akaniangalia kwa macho mapya. Ule udada ulikuwa umekwisha.

"Mtoto huyu ni wangu. Nimemzaa mimi. Yeyote atakayeniambia nimwache tena, na aniue kweli sasa."

"Najua," nilisema. "Sikuja kukunyang'anya."

"Basi unataka nini?"

Tangu niolewe, hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo. Mume wangu alikuwa akiniambia ninachotaka, nami nikikubali. Nyuma yangu kulikuwa na chumba chenye nguo zangu zote, na mwanamume niliyekuwa nikimwita mume. Mbele kulikuwa na mji nisioujua hata jina la mtaa wake mmoja.

Mkono wa Kinanda ulikuwa unanata kwa keki. Sikuuachia.

"Akishuka," nilisema, na safari hii hata mlinzi aligeuka kunitazama, "nashuka naye."